Themostati imegoma kushika waifai mpya, na mama anatetemeka

Anko Fundi, shikamoo.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Minnesota mwaka wa 9 huu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku: naingia saa 1 jioni, natoka saa 1 asubuhi. Mume wangu yuko ghalani, naye zamu zake hazieleweki. Mwezi wa Novemba mama yangu alikuja kutusaidia kulea mtoto, na hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Kwenye korido yetu kuna themostati ya kisasa, ile ya duara unayoizungusha, inayoiambia hita iwake au izime. Mume wangu aliifunga mwenyewe miaka 3 iliyopita. Imepangwa ishuke hadi nyuzi 62 za Fahrenheit ikifika saa 4 usiku, maana sisi tumeshazoea na gesi si bure. Kwa hesabu ya nyumbani hiyo ni kama 17 za Selsiasi. Kwa mama hiyo ni barafu. Basi nilikuwa nafanya hivi: nikipata mapumziko kazini nafungua simu, napandisha hadi 70, mama analala vizuri, na asubuhi bwana hajui kitu.

Wiki 2 zilizopita tulihama kampuni ya intaneti. Fundi wao akaja na ruta mpya, akaipachika bezimenti, akaondoka. Simu zote zimeshika, TV imeshika. Printa ya zamani imegoma, lakini hiyo hatuitumii sana. Tatizo ni themostati. Jina la waifai mpya inaliona kwenye orodha. Nalichagua, naandika paswedi kwa kuzungusha lile duara herufi moja moja, herufi 16, kubwa na ndogo na tarakimu, mkono ukiteleza nimepitiliza, narudi. Nikimaliza inazunguka, inafikiri weee, kisha inasema imeshindikana. Nimefanya hivyo mara 5. Nimezima ruta nikawasha. Nimefuta programu yake kwenye simu nikaipakua upya, sasa inaniomba akaunti nisiyoijua. Mume wangu anasema tuifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani, ikishindikana tununue nyingine. Juzi pia kioo chake kilizima kama nusu saa kikarudi chenyewe, kwa hiyo yeye anaona imeshakufa.

Mama haigusi. Siku za mwanzo aliizungusha hadi 82, bili ikaja, mume wangu akamwambia kwa upole, "Mama, hiyo tuachie sisi." Tangu hapo akipita koridoni anaikwepa kama nyoka. Jana saa 8 usiku nimempigia video: kajifunga kanga mbili juu ya sweta, kavaa koti langu la theluji, kakaa kitandani. Namuuliza, mama unasikia baridi? "Hapana mwanangu, nilikuwa nalijaribu koti tu."

Anko, nifanyeje?

Binti wa Ngamiani, Minnesota

*

Marahaba, mwanangu. Msalimie sana mama, na koti asilivue kwanza.

Umeniandikia kuhusu waifai, lakini barua yako ina mambo matatu yaliyosukwa pamoja kama ukili, na waifai ndiyo nyepesi kuliko yote. Naanza na mama.

Themostati haihitaji waifai ili hita iwake. Nyuma yake kuna waya zinazokwenda mpaka kwenye hita, na kazi yake haina tofauti kubwa na ya swichi ya taa: nyumba ikipoa chini ya kiwango ulichoweka, inaziunganisha, hita inawaka, joto likifika, inaziachanisha. Waifai ilikuwa mkono wako mrefu wa kuifikia ukiwa kazini. Mkono umekatika, swichi ipo palepale ukutani. Kwa hiyo leo, kabla hujavaa viatu vya kazi, ingia kwenye ratiba iliyomo ndani ya themostati yenyewe, ile 62 ya saa 4 usiku uifanye 69. Ni dakika 2. Usingoje intaneti ipone ndiyo mama apate usingizi.

Halafu mchukue mama koridoni, azungushe yeye, wewe ukiangalia. Bandika karatasi chini yake: 68 ni 20, 70 ni 21, 72 ni 22. Maana hebu fikiri, ile 82 iliyowapa bili ni nyuzi 28 za Selsiasi. Mama hakuchezea kitu, aliitafutia nyumba hali ya hewa ya Tanga akaipata! Mweleze pia kwamba kuipeleka juu sana hakuharakishi joto. Hita ya kawaida ya gesi inapuliza kwa kasi ileile, ila haitajua pa kusimama. Na kama bwana ana wasiwasi, themostati nyingi za aina hiyo zina kufuli ya kiwango: anaweka mwisho 72, namba ya siri anabaki nayo yeye, mama anazungusha apendavyo ndani ya hapo.

Ila ruhusa lazima itoke kwa aliyekataza. Wewe ukimwambia "iguse tu mama" atakuitikia, ukitoka ataivaa kanga ya tatu. Mkwe hagusi kitu alichoambiwa na mkwewe aache, hata akisihiwa na binti yake wa kumzaa. Mumeo asimame naye pale koridoni, amshikishe lile duara kwa mkono wake.

La pili ndilo lililonishtua, nawe umelipitia mbio: kioo kuzima nusu saa. Waifai ikikosekana unakosa raha. Themostati ikizima kabisa usiku wa Januari huko kwenu, hita haiwaki, na asubuhi huenda mabomba ya maji yamepasuka.

Themostati hizi zina betri ndogo ndani, na nyingi huichaji kwa umeme wa volti 24 unaoletwa na zilezile waya za hita. Nyumba mpya huwa na waya wa ziada wa kurudisha umeme, unaingia kwenye tundu lenye herufi C. Nyumba za zamani mara nyingi hawakuuweka, kwa sababu themostati za enzi hizo hazikula umeme. Ukikosekana, themostati inadokoadokoa chaji kupitia waya wa hita yenyewe, kidogo kidogo, kama mtoto na sukari. Siku za kawaida inatosha. Sasa imekaa wiki 2 inatafuta waifai isiyoipata, na kutafuta mtandao ni kazi inayokula betri kuliko karibu zote inazofanya. Betri ikishuka, baadhi ya themostati huzima waifai kwanza ili zibaki na nguvu ya kuwasha hita, na ikishuka zaidi, kioo nacho kinalala. Kwa hiyo huenda hiyo mashine haijafa. Ina njaa.

Vuta uso wake utoke kwenye bamba la ukutani. Ukiona tundu la USB nyuma, ichaji saa 2 kwa chaja ya simu, uirudishe. Fanya mchana wakati nyumba ina joto, maana ikiwa mezani hita haiwaki. Kama inatumia betri za kubadilisha, nunua mpya leoleo. Ukiwa umeitoa, tazama bamba: kuna waya kwenye C? Kama C ni tupu, mwambie mumeo achungulie ndani ya ukuta, mara nyingi kuna waya umekunjwa haukutumika. Rangi yake isikudanganye, na kuuchomeka upande mmoja hakusaidii, lazima ushikwe pia kwenye hita kule chini.

Na kabla ya kugusa waya wowote, azime umeme wa hita kwenye swichi yake au kwenye breka, apige picha ya waya zilivyo. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe, na ufundi wangu wote, niliwahi kuona uvivu wa kushuka ngazi. "Volti 24 hazimuui mtu," nikajisemea. Kweli hazikuniua. Waya wa R, ule unaoleta umeme, ukagusa wa C, cheche ndogo kama ya kiberiti, na hita ikanyamaza. Iliyokufa ilikuwa fyuzi kwenye bodi ya hita, kijidude cha plastiki kama cha kwenye gari, cha ampea 3 kwenye hita nyingine na 5 kwenye nyingine. Bei yake haifiki ya chai. Lakini ilikuwa Jumapili usiku, na watoto wangu hawajaacha kunikumbusha usiku ule tuliolala wote sebuleni na makoti. Kioo kikizima tena baada ya kuchaji, itafute kampuni ya hita, wala usisubiri mara ya tatu.

Haya, waifai.

Jiulize nani mgeni hapo ndani. Themostati ni ileile, ukuta uleule, wewe ni yuleyule. Mgeni ni ruta. Na umenipa ushahidi bila kukusudia: printa ya zamani nayo imegoma. Vitu viwili vya zamani vikigoma siku moja, na vipya vyote vikishika, usivilaumu vya zamani. Kwa hiyo mwambie bwana aiweke mfukoni hiyo kadi ya benki.

Ruta za siku hizi zinarusha mawimbi kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na mpya zaidi zina la tatu, 6. Umewahi kulala jirani na nyumba yenye harusi? Ukiwa chumbani umefunga dirisha, unasikia ngoma: du, du, du. Zumari hulisikii mpaka ufike uani. Ile 2.4 ni ngoma, inapenya kuta na kufika mbali ingawa inabeba mzigo mdogo. Ile 5 ni zumari, ina mbio kubwa lakini ukuta mmoja miwili unaimeza. Themostati nyingi, hasa za miaka iliyopita, zilitengenezwa zisikie ngoma peke yake, na kwao inatosha kabisa: kutuma namba 68 si sawa na kutazama filamu. Ruta yenu mpya pengine imeyaweka masafa yote chini ya jina moja na kuwaamulia wageni nani akae wapi. Nyingine zina ubishi, zinamsukuma kila mgeni kwenye 5. Simu inakubali. Themostati haiwezi, inabaki mlangoni.

Sababu ya pili ni kufuli, nami kwa dalili zako naishuku zaidi. Paswedi ni ufunguo, lakini kuna aina ya kitasa pia. Kitasa cha miaka mingi kinaitwa WPA2, kipya ni WPA3. Ruta ikiwekwa kwenye WPA3 peke yake, kifaa cha zamani kinaliona jina, kinapokea paswedi sahihi, kinajaribu, kinashindwa, halafu kinakuletea jibu linalofanana na la aliyekosea herufi. Ndiyo maana umezungusha mara 5. Ungezungusha hata 50.

Sasa sikia njia ya mkato, na hapa ndipo ninapomwomba mumeo asifute kitu. Kama hamjaisahaulisha, themostati bado inakumbuka jina na paswedi ya waifai yenu ya zamani, inaita jina hilo usiku na mchana na haijibiwi. Mpeni jibu! Ingia kwenye programu ya ruta mpya, fungua mtandao wa pili. Ruta nyingi zina wa wageni, nyingine zina wa vifaa vya nyumbani ulioandikwa IoT. Uwekee jina la zamani na paswedi ya zamani vilevile, herufi kubwa kwa kubwa, nafasi kwa nafasi. Masafa chagua 2.4. Kufuli chagua WPA2. Kama kuna chaguo la WPA2 na WPA3 pamoja, hilo kwa kawaida linafaa, ila likisumbua rudi WPA2 tupu. Ngoja kama dakika 10. Kuna uwezekano mkubwa themostati itashika yenyewe bila wewe kuzungusha herufi hata moja, na printa nayo itafufuka. Kurudisha kiwandani kungeifutia kumbukumbu hiyo pamoja na ratiba, na kwa baadhi ya aina pia mpangilio wa waya.

Paswedi ya zamani hukumbuki? Kama ruta ya zamani hamjairudisha, pindua uone kibandiko, ikiwa hamkuibadilisha. Kama imeshaondoka, simu yako inakumbuka. Kwenye iPhone, ukurasa wa Wi-Fi una neno Edit juu pembeni, hapo kuna orodha ya mitandao ya zamani na paswedi zake. Kwenye Android tafuta mitandao iliyohifadhiwa, gusa jina, bonyeza Share, na simu nyingi zitakuonyesha maandishi chini ya ule mchoro wa miraba.

Kuna ruta za kampuni ambazo programu yake imefungwafungwa, huoni pa kubadilishia. Piga simu huduma kwa wateja, usianze na hadithi ya mama wala ya baridi, watakupeleka kwenye kuzima na kuwasha. Sema jambo moja: unataka mtandao tofauti wa gigahezi 2.4 wenye WPA2. Hiyo lugha wanaielewa.

Ikigoma bado, tutaipima. Siku mumeo yuko nyumbani, afungue hotspoti kwenye simu yake, themostati ijiunge nayo kama ni waifai. Kama simu ni iPhone 12 au mpya zaidi, awashe kwanza swichi ya Maximize Compatibility kwenye ukurasa wa hotspoti, maana bila hiyo simu inaweza kurusha 5 na utapata jibu la uongo. Themostati ikiishika hotspoti, mashine ni nzima na ugomvi ni wa ruta. Ikishindwa kuishika hotspoti huku betri imejaa, hapo ndipo mumeo anaruhusiwa kutaja duka. Kwa jaribio hilo ifanye paswedi ya hotspoti iwe maneno ya kawaida, herufi ndogo tupu, mfano naziembenapapai. Hiyo yenyewe usiitumie sasa, nimeshaitangaza.

Ruta kukaa bezimenti pia si vizuri. Kama waya wa intaneti unafika, ipandishe juu, iwe wazi, isiwe nyuma ya TV wala jirani na maikrowevu, kwa sababu maikrowevu nayo inatumia masafa ya karibu na 2.4 na ikipasha pilau inapiga kelele zake mlemle.

Wasomaji wengine mnaokaa kwenye fleti ambazo waifai yake inafungua ukurasa wa kubonyeza "nakubali": themostati haina pa kubonyezea. Nendeni ofisi ya jengo, waombeni wakisajili kifaa kwa namba yake ya MAC, ile inayokitambulisha kwenye mtandao. Na kama mmepanga, waya za ukutani ni za mwenye nyumba, msizifungue.

Imebaki akaunti, mwanangu. Programu uliyoifuta haikuharibu chochote, akaunti iko salama, ila si yako. Themostati ikishashika, mwombe bwana akualike kutoka kwenye simu yake upate yako, uzime VPN kama unayo, ile programu ya kuficha mahali ulipo mtandaoni, uiruhusu programu kutumia bluututhi na mahali ulipo, basi.

Na akikualika, usishangae atakachokuonyesha humo. Themostati nyingi huandika hita iliwaka saa ngapi na kwa muda gani. Alifunga yeye, akaunti ni yake, na kwenye baadhi yake huonekana hata kwamba joto lilipandishwa kwa simu. Huyo bwana asiyejua kitu anajua tangu Novemba.

Anko Fundi